Unasomea Usimamizi wa Biashara na Unapenda Fedha? Chagua Kazi Kwanza, Cheti Baadaye

Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaporudi nyumbani likizoni, swali linalosikika sana ni hili: "Nikimaliza digrii ya Usimamizi wa Biashara, nifanye CPA, CIFA au nini?" Mzazi naye huuliza kwa upande wake: "Kwani digrii niliyolipia miaka minne haitoshi?"

Maswali yote mawili ni ya haki. Kuna familia zilizouza ng'ombe, zilizochukua mkopo wa Sacco na zilizofanya harambee ili mtoto asome. Unapofika wakati wa kulipa karo ya pili, yaani ya mitihani ya kitaaluma, hakuna shilingi ya kupoteza. Hata hivyo, wapo vijana wanaoilipa kwa sababu rafiki amelipa, ama kwa sababu tangazo moja la kazi lilitaja cheti fulani. Baada ya mwaka mmoja wanagundua kwamba kazi yenyewe hawaipendi, au kwamba mlango waliokuwa wakiubisha unahitaji cheti kingine kabisa.

Makala haya yanaeleza kazi za fedha zilizopo nchini, nani husajili wafanyakazi wake, na jinsi ya kuchagua kabla ya kulipa.

DIGRII INAKUPA NINI?

Shahada ya Usimamizi wa Biashara ni pana. Mwanafunzi hugusa uhasibu, masoko, sheria ya biashara, uchumi, takwimu, usimamizi wa wafanyakazi na usimamizi wa fedha. Katika vyuo vingi, mwanafunzi huchagua tawi moja, kama vile fedha, anapoingia miaka ya mwisho.

Upana huo humfaa mtu anayetaka kuendesha biashara yake au kuongoza ofisi yenye idara nyingi. Lakini haumpi jina la kazi. Aliyesomea uuguzi huitwa muuguzi na aliyesomea ualimu huitwa mwalimu, na kila mmoja anajua ofisi itakayomsajili. Aliyesomea Usimamizi wa Biashara hana baraza moja linalomngoja. Jina la kazi atalipata kutokana na kazi atakayofanya na, mara nyingi, kutokana na cheti cha pili.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kuelewa kwamba neno "fedha" limebeba kazi nyingi ndani yake. Kazi hizo hazifanani, na anayependa moja anaweza kuichukia nyingine.

MKOPO MMOJA, WATU SITA

Tuseme mfanyabiashara wa samaki anaomba Sacco yake mkopo wa Sh120,000 ili anunue friza, na ataulipa kwa miezi 12. Tufuate fedha hizo tuone zinapita mikononi mwa nani.

Wa kwanza ni afisa wa mikopo. Huyu huenda sokoni, huangalia mauzo ya siku nzuri na ya siku mbaya, huzungumza na wadhamini na kusoma ripoti ya CRB. Pia humweleza mkopaji riba itakavyohesabiwa. Ikiwa riba ni asilimia 12 kwa mwaka na inatozwa kwenye mkopo wote bila kubadilika, mfanyabiashara atalipa riba ya Sh14,400. Ikiwa inatozwa kwenye salio linalopungua, naye analipa Sh10,000 za mkopo kila mwezi, riba ya mwezi wa kwanza itakuwa Sh1,200, ya mwezi wa pili Sh1,100, hadi Sh100 mwezi wa mwisho. Jumla yake ni Sh7,800. Kiwango ni kilekile cha asilimia 12, lakini tofauti ni Sh6,600. Afisa wa mikopo ndiye anayepaswa kuieleza tofauti hiyo mpaka mteja aielewe.

Wa pili ni mhasibu. Mfanyabiashara anapopokea pesa, mhasibu anaandika kwamba fedha za benki zimepungua na mali ya Sacco kwa njia ya deni imeongezeka. Kila malipo yanapoingia anatenganisha mkopo na riba. Mwisho wa mwezi analinganisha daftari la Sacco na taarifa ya benki. Zikitofautiana hata kwa Sh50, hatoki ofisini mpaka ajue Sh50 hizo ziko wapi.

Wa tatu ni mkaguzi wa hesabu. Yeye hakuwa karibu mkopo ulipotolewa. Baadaye anachagua faili kadhaa kati ya mamia na kuuliza: nani aliidhinisha? Wadhamini walitia sahihi wenyewe? Aliyeidhinisha ana undugu na mkopaji? Friza ilinunuliwa kweli? Kazi yake ni kuuliza maswali ambayo watu hawapendi kuulizwa, na kuandika majibu bila woga wala upendeleo.

Wa nne ni mchanganuzi wa uwekezaji. Sacco huwa na fedha ambazo hazijakopeshwa, na haifai zilale bure. Ziwekwe kwenye akaunti ya muda maalum au zinunue bondi za serikali, kwa mipaka iliyowekwa na sheria? Mchanganuzi anajua kwamba bondi inayolipa asilimia 12 hushuka bei sokoni ikiwa bondi mpya zinalipa asilimia 14, kwa sababu hakuna atakayeinunua ile ya zamani kwa bei ileile. Kwa hivyo anajiuliza pia wanachama watahitaji pesa zao lini.

Wa tano ni mtu wa bima. Sacco nyingi hukatia mikopo bima ili mkopaji akifariki, deni lisiwaangukie wajane, mayatima na wadhamini. Kuna anayepanga ada ya bima hiyo, kuna anayeiuza, na kuna anayechunguza madai kabla ya kuyalipa.

Wa sita ni afisa wa fedha za umma. Mfanyabiashara huyo hulipa ada ya soko na leseni ya biashara kwa kaunti. Kuna anayekusanya fedha hizo, anayezipangia matumizi katika bajeti, na anayetoa hesabu jinsi zilivyotumika.

Soma tena orodha hiyo polepole. Wawili wa kwanza wanashughulikia mkopo uleule, lakini mmoja hushinda juani akizungumza na watu, na mwingine hushinda mbele ya kompyuta akitafuta Sh50. Jiulize ni siku ya nani ungependa kuishi, si mshahara wa nani ungependa kupokea. Mshahara hupanda kwa anayedumu katika kazi yake, na ni vigumu kudumu katika kazi inayokuchosha kila asubuhi.

KILA NJIA NA MLANGO WAKE

Baada ya kuchagua kazi, uliza ni nani anayeshika ufunguo wa mlango wake. Kazi nyingine zinahitaji cheti na usajili kisheria. Nyingine hazihitaji leseni yoyote, ila waajiri hupendelea cheti fulani.

Uhasibu na ukaguzi. Mitihani ya CPA hutolewa na KASNEB, bodi ya mitihani ya kitaifa iliyoanzishwa mwaka wa 1969. Anayefaulu CPA hujiunga na ICPAK, taasisi ya wahasibu inayofanya kazi chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka wa 2008. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kufaulu mitihani hakumpi mtu ruhusa ya kufungua kampuni ya ukaguzi na kutia sahihi hesabu za kampuni nyingine. Kwa hilo anahitaji kuwa mwanachama wa ICPAK na kupata kutoka kwake cheti cha kufanya kazi hiyo. Anayependa ukaguzi wa ndani anaweza pia kufanya CIA, mtihani wa kimataifa wenye sehemu tatu.

Uwekezaji. KASNEB hutoa pia CIFA, kwa wachanganuzi wa uwekezaji na fedha. Taasisi yao ni ICIFA, inayotambuliwa na sheria ya mwaka wa 2015. Soko lenyewe husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, inayotoa leseni kwa madalali wa hisa na mameneja wa hazina za uwekezaji. Wengine huchagua CFA ya Marekani, yenye ngazi tatu. Kabla ya kuichagua, kumbuka kwamba ada zake hulipwa kwa dola, na kwamba hata ukifaulu ngazi zote utahitaji saa 4,000 za kazi inayohusiana, kwa muda usiopungua miezi 36, ili upewe cheti kamili. Jua pia kwamba ofisi nyingi za uwekezaji ziko Nairobi. Ikiwa una sababu za kubaki karibu na nyumbani, lipime jambo hili mapema.

Benki na mikopo. Kuwa afisa wa mikopo hakuhitaji leseni ya mtu binafsi. Benki, Sacco na mashirika ya mikopo midogo huchukua wahitimu wa digrii na kuwafunza kazi. KASNEB ina mtihani wa wataalamu wa mikopo, CCP, lakini unaweza kuanza kazi kwanza na kuufanya baadaye. Kwa kijana ambaye nyumbani hakuna uwezo wa kulipa karo ya pili kwa sasa, huu mara nyingi ndio mlango wa karibu. Wanaosimamia sekta hii ni Benki Kuu ya Kenya kwa upande wa benki, na SASRA kwa Sacco zilizo chini ya Sheria ya Sacco ya mwaka wa 2008.

Bima na pensheni. Wakala wa bima hufanya mtihani wa ustadi unaojulikana kama COP, kisha husajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA. Ni mafunzo mafupi kuliko CPA, na wapo wanafunzi wanaoyafanya wakiwa bado chuoni. Jihadhari na jambo moja: wakala wengi hulipwa kwa kamisheni, hivyo mwezi usiouza, hulipwi. Pensheni husimamiwa na Mamlaka ya Mafao ya Uzeeni, RBA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1997. Kazi ya kukokotoa ada na hatari za bima hufanywa na wataalamu waliobobea katika hisabati, na mara nyingi huwa wamesomea taaluma hiyo tangu mwaka wa kwanza. Si rahisi kuingia humo kutoka Usimamizi wa Biashara.

Ushuru. Hapa kuna wanaofanya kazi KRA na wanaofanya kazi upande wa mlipaji. Mwezi wa mtaalamu wa ushuru una tarehe zake. Ushuru wa mishahara hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na VAT kufikia tarehe 20. Ripoti za kila mwaka za watu binafsi hufungwa tarehe 30 Juni. Msingi wa CPA husaidia sana katika njia hii, na KRA ina chuo chake, KESRA. Mtu binafsi anayetaka kuwa wakala wa ushuru anahitaji kuidhinishwa.

Utakuwa umeona kwamba CPA inatajwa zaidi ya mara moja. Ni kweli kwamba inafungua milango mingi nchini. Lakini haifungui yote, na kwa afisa wa mikopo au wakala wa bima anayeanza kazi, inaweza kuwa miaka mitatu ya gharama ambayo ingengoja.

KAZI YA FEDHA NDANI YA KAUNTI

Wakaazi wengi wakisikia "kazi ya fedha" hufikiria benki. Husahau kwamba kila moja ya kaunti 47 ina Hazina yake ya kaunti, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012. Humo mna wahasibu, wakaguzi wa ndani, maafisa wa bajeti, wachumi, wakusanyaji mapato na maafisa wa ununuzi.

Kazi hii ina kalenda, na anayeielewa kalenda ameielewa kazi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa za fedha za mwaka uliokwisha hupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kufikia mwisho wa Septemba. Waraka wa sera ya fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Katikati ya tarehe hizo kuna vikao vya umma, kwa sababu Katiba inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha.

Kuna sheria ambazo afisa wa fedha wa kaunti hukutana nazo kila wiki. Pesa haziwezi kutolewa katika Hazina ya Mapato ya kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa kipindi cha kati, inapaswa kwenda kwa maendeleo. Malipo hupitia mfumo wa IFMIS, na kila hatua huacha alama ya aliyeifanya. Mtu asiyependa taratibu na makaratasi atateseka hapa. Anayependa kuona zahanati ikijengwa na hesabu zake zikikubaliana ataipenda kazi hii.

Nafasi hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti. Matangazo ya wahasibu kwa kawaida hutaka digrii pamoja na CPA iliyokamilika au ngazi fulani ya CPA. Ya ununuzi hutaka usajili wa KISM, taasisi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. Tafuta matangazo ya miaka miwili iliyopita, hata kama muda wake umeisha, uandike kila sifa iliyotakiwa. Orodha hiyo itakuongoza vizuri kuliko uvumi.

Kabla hujaamua, hudhuria kikao kimoja cha bajeti katika wadi yako. Hakuna kiingilio. Uliza waraka wa bajeti, utafute mradi mmoja unaoujua, uone umetengewa shilingi ngapi na mwaka uliopita ulitengewa ngapi. Ukijikuta unataka kujua zaidi, umepata dalili. Ukijikuta unasinzia, hiyo nayo ni dalili.

HESABU YA KARO YA PILI

Sasa tufike kwenye pesa. CPA ina ngazi tatu: ya Msingi, ya Kati na ya Juu. Ngazi ya Msingi ina mitihani sita: uhasibu wa fedha, stadi za mawasiliano, utangulizi wa sheria na utawala, uchumi, hesabu za uchanganuzi, na teknolojia ya habari na mawasiliano. Mitihani hufanywa mara tatu kwa mwaka, mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba.

Mwanafunzi wa Usimamizi wa Biashara ataona kwamba masomo hayo mengi ameshayasoma chuoni. Hapo ndipo penye akiba kubwa ambayo wengi huipoteza. KASNEB huruhusu aliyehitimu digrii inayotambuliwa kuomba asamehewe baadhi ya mitihani, kulingana na masomo aliyofanya. Msamaha huo hulipiwa ada, lakini huokoa muda wa kusoma upya kile unachokijua. Kwa hivyo, kabla ya kujiandikisha, ita hati yako ya matokeo mezani, uiweke kando ya orodha ya mitihani ya KASNEB, uweke alama pale panapolingana. Kisha uliza KASNEB wenyewe ni mitihani gani utasamehewa. Usitegemee neno la chuo kinachotaka kukusajili.

Je, uanze ukiwa bado chuoni au ungoje umalize? Fikiria mambo mawili. Ukianza mapema, utamaliza mapema, lakini utakuwa umelipia baadhi ya mitihani ambayo digrii ingekusamehe. Ukingoja, utalipia mitihani michache zaidi, lakini utahitimu ukiwa na digrii peke yake. Kwa wengi, njia ya katikati ni kuanza na mitihani ambayo digrii yao haiigusi, na kuacha ile inayofanana na masomo ya chuo hadi watakapohitimu.

Masharti ya kuingia nayo yana mtego wake. Anayeingia CPA kwa cheti cha KCSE anahitaji wastani wa C+. Aliyekosa wastani huo asikate tamaa, kwa maana digrii inayotambuliwa pia ni njia ya kuingilia. Kwa kijana wa nyumbani ambaye hakufika chuo kikuu, KASNEB ina diploma ya mafundi wa uhasibu, ATD, inayohitaji wastani wa C- katika KCSE. Akiimaliza anaweza kuendelea na CPA. Katika ofisi ndogo na Sacco za mashinani, ATD peke yake humpatia mtu kazi.

Unapopiga hesabu ya gharama, andika kila kitu: ada ya kujisajili, ada ya kila mtihani, ada ya kusasisha usajili kila mwaka, karo ya chuo cha mafunzo, vitabu, nauli, na mtihani mmoja au miwili ya kurudia. Ndiyo, weka ya kurudia. Watu wengi wazuri hurudia, na anayepanga bila nafasi hiyo huishia kukwama katikati. Gawanya jumla kwa miaka mitatu. Ikiwa familia haiwezi kubeba kiasi hicho, anza kazi isiyohitaji cheti, kisha ujilipie mtihani mmoja mmoja. Kumbuka pia kwamba mkopo wa HELB huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Uweke katika hesabu hiyo.

Usianze vyeti viwili kwa pamoja. Nusu ya CPA na nusu ya CIFA hazifanyi cheti kimoja.

MAFUNZO YA NYANJANI NI MIZANI

Chuo kinapokutuma nje kwa mafunzo ya nyanjani, usichukue ofisi ya kwanza inayokukubali kwa sababu tu iko karibu na nyumbani. Ikiwa unafikiria uhasibu, tafuta mahali utakaposhika leja. Ikiwa ni mikopo, tafuta Sacco itakayokupeleka sokoni. Wiki kumi na mbili za kazi halisi zitakueleza kile ambacho mhadhara hauwezi. Andika kila jioni mambo mawili: kazi uliyoifanya bila kuangalia saa, na kazi uliyoisukuma tu iishe. Mwishoni mwa muhula soma daftari hilo.

Jifunze pia kutumia Excel vizuri. Njia zote sita zinaihitaji. Ukiweza kutengeneza peke yako jedwali la ule mkopo wa Sh120,000, mwezi kwa mwezi, kwa njia zote mbili za riba, una kitu cha kumwonyesha mwajiri.

Baada ya kuhitimu, Tume ya Utumishi wa Umma huwa na mpango wa uanagenzi wa miezi 12 kwa wenye digrii. Nafasi zake hutangazwa, na kuomba hakulipiwi.

TAHADHARI TATU

Moja, kagua chuo kabla ya kulipa. Vyuo vya mafunzo ya kiufundi na kitaaluma husajiliwa na TVETA, na vyuo vikuu huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. KASNEB nayo ina orodha ya vyuo ilivyovikubali. Ikiwa jina halimo, usilipe.

Mbili, usinunue cheti. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, imewapeleka mahakamani watu walioajiriwa kwa vyeti bandia, na mahakama zimeamuru warudishe mishahara waliyolipwa. Katika taaluma ya fedha, jina likishachafuka halisafishiki.

Tatu, ajira ya umma haiuzwi. Yeyote anayekuomba pesa ili akupatie nafasi katika Hazina ya kaunti, benki au KRA anakuibia. Usimlipe, na upeleke habari zake kwa polisi au EACC.

KWA MZAZI

Mwanao akikuomba karo ya pili, usimkatalie na usimpe mara moja. Muulize maswali manne: Ni kazi gani hasa unayoitaka? Umezungumza na mtu anayeifanya? Ni ofisi gani inayosajili watu wa kazi hiyo, na inataka cheti gani? Digrii yako itakusamehe mitihani mingapi?

Akiwa na majibu, pesa zako zina njia. Akiwa hana, mpe mwezi mmoja aende akayatafute, na umpe nauli ya kwenda kuzungumza na mhasibu wa Sacco, meneja wa tawi la benki au afisa wa bajeti wa kaunti. Nauli hiyo ni ndogo kuliko ada ya mtihani mmoja asiouhitaji.